Taja Kitabu, Taja Ubeti, au Nyamaza

Mwaka 1860 John Hanning Speke alikuwa Unguja akijiandaa kurudi bara kuthibitisha chanzo cha mto Nile. Konseli wa Uingereza kisiwani, Rigby, akampa makala ya zamani iliyoambatana na ramani. Mwandishi wake, afisa wa jeshi la Waingereza huko India aliyeitwa Francis Wilford, alikuwa amedai mwaka 1792 kwamba habari zote za Nile na Milima ya Mwezi alizichota katika Purana, vitabu vya kale vya Wahindu. Speke akaimeza nzimanzima. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 akaitaja makala hiyo kwa sifa, na akawatangazia walimwengu kuwa Wahindu wa kale ndio walioanza kuijua mito na maziwa ya huku kwetu.

Wakati huo Wilford mwenyewe alikuwa amekwisha kukiri, katika jarida lilelile lililomchapisha, kwamba alitapeliwa. Alikiri mwaka 1805. Alikuwa amemwajiri pandit, msomi wa Kisanskriti, akamsimulia hadithi za Misri, za Wagiriki na za Biblia, kisha akamtuma azitafute katika Purana. Pandit akaelewa bwana anataka kuona nini. Akabadilisha majina, akang'oa kurasa na kutia nyingine, akatunga beti pale zilipokosekana. Hata Nuhu na wanawe watatu wakapatikana! William Jones, jaji wa Calcutta na bingwa wa Kisanskriti wa zama zake, aliipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Miaka 58 baada ya Wilford kukiri, Speke bado anaitangaza. Na bado wapo wanaoirudia leo kama ushahidi mzito.

Nasema waziwazi: uozo uleule unaendelea, na safari hii hatuna pandit wa kumsingizia. Maandiko ya Kihindu yamefanywa jalala ambalo kila mwenye hoja yake anaokota anachotaka, na asipokipata anakitia mwenyewe kisha anajifanya amekiokota. Anayetaka kuwadhihaki Wahindu anasema Veda zasema. Anayetaka kuwasilimisha anasema Veda zasema, na anayetaka kuwabatiza vilevile. Anayetaka kura zao anasema maneno hayohayo. Muulize ni Veda ipi kati ya nne, sura gani, wimbo wa ngapi, tafsiri ya nani. Atakodoa macho.

Tuanze na mihadhara yetu ya kulinganisha dini. Kuna hoja inayopigiwa makofi kila inapotolewa: kwamba Mtume Muhammad ametabiriwa katika Bhavishya Purana. Ni kweli kitabu hicho kina kifungu kinachomtaja mtu kwa jina linalokaribiana na hilo. Lakini kifungu hicho kimo katika sehemu iitwayo Pratisarga Parva, na sehemu hiyo inamsimulia Adamu, inamsimulia Nuhu, inamsimulia Isa, inakuja mpaka kwa Akbar mfalme wa Wamughali, mji wa Calcutta, Waingereza na malkia wao. Ilichapishwa Bombay mwaka 1897, Victoria akiwa bado kwenye kiti chake cha enzi. Wataalamu wa Purana wanakubaliana kwamba sehemu hiyo ni nyongeza ya juzijuzi. Huo si utabiri. Ni habari zilizokwisha kutokea, zikavishwa joho la utabiri.

Na kuna jambo zito zaidi. Kifungu hichohicho kinachonukuliwa jukwaani kinamhusisha mtu huyo na pepo mbaya wa hadithi za Kihindu. Mhubiri anayekinukuu ama hajakisoma chote, ama amekisoma akakikata mahali panapomfaa. Chagua mwenyewe lipi baya zaidi. Mwislamu anayempenda Mtume wake hahitaji ushahidi wa namna hii, na ajue kwamba anayemletea anamdhalilisha.

Wakristo nao wasicheke. Mwaka 1875 Krishna Mohan Banerjea, Mbengali aliyebatizwa na kuwa kasisi, alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba Prajapati wa Veda, bwana wa viumbe anayehusishwa na sadaka, ni kivuli cha Kristo. Banerjea alikuwa msomi na alitaja alipotoa hoja zake, kwa hiyo anaweza kujibiwa. Wanaomfuata leo wamebakiza hitimisho, ushahidi wameutupa. Na kabla yake, katika karne ya 18, Ulaya ilidanganywa na kitabu kilichoitwa Ezour Vedam, eti Veda ya kale. Voltaire, mwanafalsafa wa Kifaransa, alikipata mwaka 1760, akakishangilia, akakipeleka kwenye maktaba ya mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1822 makala ya Francis Whyte Ellis, ofisa wa Waingereza huko India, ikaonyesha kwamba kilitoka mikononi mwa wamisionari wa Ulaya. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Hii ilichukua miaka zaidi ya 60, na katikati yake wasomi wa bara zima walikuwa wakijenga nadharia juu ya karatasi za kughushi.

Sasa niwageukie Wahindu wenyewe, maana kuna aina ya uongo ambao hauji kwa matusi, unakuja kwa sifa. Mpaka leo kuna watu wanaoapa kwamba wahenga wa India walikuwa na ndege, na kitabu wanachokishika ni Vaimanika Shastra, wanachosema ni cha Bharadvaja, mhenga wa zama za Veda. Ukweli ni kwamba kitabu hicho kilisemwa kwa mdomo na Subbaraya Shastry, kikaandikwa kati ya mwaka 1918 na 1923. Mwaka 1974 wahandisi wa taasisi ya sayansi ya Bangalore walizichunguza hizo ndege zake, wakakuta hakuna hata moja inayoweza kuruka, na kwamba maandishi yenyewe hayawezi kuwa ya kabla ya mwaka 1904. Hayo hayakuzuia mada ya ndege za Veda kusomwa kwenye Kongamano la Sayansi la India, Mumbai, Januari 2015. Miezi michache kabla, waziri mkuu wa nchi alikuwa amesema mbele ya madaktari kwamba kichwa cha tembo cha mungu Ganesha ni ushahidi wa upasuaji wa kale.

Anayewasifu Wahindu kwa uongo hawaheshimu. Ustaarabu uliomtoa Panini, aliyeichambua sarufi ya Kisanskriti kwa kanuni karibu 4,000 karne nyingi kabla ya Kristo, unahitaji ndege za kubuni kwa ajili gani?

Na wapo wanaookota upande wa giza peke yake. Wanafungua Sheria za Manu, wanasoma adhabu zilizotungwa dhidi ya Mashudra, watu wa tabaka la chini, na vifungo walivyowekewa wanawake, wanafunga kitabu, wanatangaza: huu ndio Uhindu. Vifungu hivyo vipo na ni vya kikatili. Asiyekiri hilo naye ni mwongo. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka lililoitwa najisi, alivijua kuliko wapigaji kelele wote hawa. Tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad, yeye na wenzake walikichoma kitabu hicho hadharani. Lakini Ambedkar alikisoma kabla ya kukichoma. Katika maandishi yake anakupa sura na ubeti, anakupa hoja ya wanaopinga, halafu ndipo anapiga. Mkosoaji wa namna hiyo ana faida kwa mwanafunzi kuliko makasisi kumi wanaoficha aibu za hekalu lao. Na yeyote anayemtaja Manu ana wajibu wa kukwambia kwamba hicho si Veda. Ni kitabu kimojawapo cha sheria katika vingi, na vyenyewe vinapingana.

Hapo ndipo penye somo la kwanza, na ni aibu kwamba wengi huliruka. Maandiko ya Kihindu si kitabu kimoja. Kuna yale yaitwayo shruti, yaliyosikika: Veda nne, Rig, Sama, Yajur na Atharva, pamoja na Upanishadi. Rigveda peke yake ina nyimbo 1,028. Kuna smriti, yaliyokumbukwa: Mahabharata yenye Bhagavad Gita ndani yake, Ramayana, Purana kubwa 18, na vitabu vya sheria. Kati ya ngazi ya kwanza na ya mwisho pana zaidi ya miaka elfu mbili. Mtu anayechanganya wimbo wa Rigveda na kisa cha Purana, akauita mchanganyiko huo maandiko, amekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ndugu msomaji, wewe ni Mwislamu au Mkristo wa pwani au wa bara, na unajua vizuri sana kazi ya kuchagua chanzo. Ukiambiwa hadithi ya Mtume, unauliza sanadi: nani kapokea kwa nani, imo katika kitabu gani, ni sahihi au dhaifu? Ukitajiwa neno la Yesu, unauliza sura na mstari. Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya UMCA, alipotoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, Waislamu waliitilia shaka kwa sababu ya aliyeifasiri na nia aliyokuwa nayo. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akafanya kazi ya miaka hadi tafsiri yake kamili ikatoka mwaka 1969. Haki mliyoidai kwa kitabu chenu, mbona mnamnyima jirani yenu? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na msiniambie kwamba haiwezekani. Karibu mwaka 1030 Al-Biruni, Mwislamu wa Khwarazm, alimaliza kitabu chake kikubwa juu ya India. Aliishi chini ya Sultani Mahmud wa Ghazni, ambaye majeshi yake yalikuwa yakivamia India na kubomoa mahekalu. Katikati ya vumbi hilo Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, akakaa na mapandit, akafasiri mafunzo ya yoga ya Patanjali kwa Kiarabu. Alilalamika kwamba waliomtangulia waliandika habari za Wahindu kwa kusikia, huyu akinakili kwa yule. Alilalamika pia kuhusu wanakili wazembe ambao huharibu kitabu baada ya kukinakili mara moja au mbili. Akaahidi kuwaeleza Wahindu kwa maneno yao wenyewe, si kwa ajili ya kuwapinga. Ni karibu miaka 1,000 sasa. Sisi tunaobeba maktaba mfukoni tumeshindwa kumfikia.

Mnataka kuona uaminifu ukoje? Nendeni Pune, kwenye taasisi ya Bhandarkar iliyoanzishwa mwaka 1917. Kazi ya kutoa toleo hakiki la Mahabharata ilianza pale mwaka 1919 na kukamilika 1966. Walikusanya na kupitia miswada 1,259 kutoka Kashmir mpaka Kerala, ya hati za Sharada, Kibengali, Devanagari, Kitelugu, Grantha, Malayalam na nyinginezo. Ubeti uliandikwa juu ya karatasi yenye mistari, silabi kwa silabi, na chini yake tofauti za kila muswada zikapangwa safu kwa safu. V. S. Sukthankar, mhariri mkuu kuanzia 1925, alifariki 1943 kazi ikiwa bado haijafika nusu. Wengine wakapokea.

Fungua ukurasa wowote wa toleo hilo. Juu kuna ubeti. Chini, katika tanbihi, kuna kila usomaji uliokataliwa na muswada uliokuwa nao. Mistari iliyoondolewa haikutupwa, imewekwa hapohapo na alama ya nyota ili wewe uhukumu. Na pale wahariri walipokuwa na shaka na neno, wamelipigia chini mstari wa mawimbi. Watu waliotumia maisha yao yote kwenye kitabu kimoja hawakuona haya kukuonyesha mahali wasipo na hakika. Sasa mlinganishe na yule bwana wa jukwaani ambaye hajawahi kuwa na shaka hata dakika moja.

Toleo hilo lilipeleka kwenye viambatisho kisa maarufu cha Ganesha akiandika Mahabharata kwa imla ya Vyasa, anayesemekana kuwa mtunzi wake. Vivyo hivyo mstari ambao Lakshmana alimchorea Sita, mke wa kaka yake Rama, asiuvuke, ambao kila mtoto wa India anaujua, haumo katika Ramayana ya Valmiki. Je, visa hivyo ni uongo? La. Ni mapokeo ya baadaye, yana heshima yake, na mamilioni wanaishi navyo. Ramayana ya Tulsidas, aliyoanza kuitunga mwaka 1574 kwa Kiawadhi, inapendwa vijijini kaskazini mwa India kuliko ya Valmiki. Uongo ni kusema Valmiki amesema wakati aliyesema ni mwingine.

Tuje kwenye Gita, maana ndiyo watu wanayoanza nayo. Ni beti 700 katika sura 18. Mwanafalsafa Shankara aliisoma akaona umoja wa nafsi na Brahman, uhalisia mkuu. Ramanuja, mwanafalsafa mwingine, akaisoma akaona ibada ya mja kwa Mola wake. Tilak, mpigania uhuru wa India, akiwa gerezani Mandalay, akaona mwito wa kutenda, na kitabu chake kikatoka mwaka 1915. Gandhi akaona vita vya ndani ya moyo na akajenga juu yake kutotumia nguvu. Nathuram Godse, aliyempiga Gandhi risasi mwaka 1948, naye alikuwa msomaji wa Gita. Mtu akikupa Gita moja yenye ufafanuzi mmoja akakwambia hii ndiyo maana yake basi, jua kwamba amekupa mlango mmoja akaificha nyumba. Chukua tafsiri mbili za watu wasiokubaliana, ziweke mezani sambamba, soma sura ileile katika zote. Zinapotofautiana, hapo ndipo masomo yanapoanza.

Angalia pia mwaka wa toleo. Gita ya Swami Prabhupada, ambayo wafuasi wa Hare Krishna huigawa mitaani duniani kote, ilitoka kamili mwaka 1972. Yeye akafariki 1977. Mwaka 1983 likatoka toleo lililofanyiwa mabadiliko mengi, na wafuasi wake wenyewe wanagombana juu yake hadi leo. Jalada linafanana, jina ni lilelile.

Nia ya mwandishi iulizwe, lakini isiwe kisingizio cha uvivu. Kiti cha Boden cha Kisanskriti pale Oxford kilianzishwa kwa wosia wa mtu aliyetaka Wahindu wageuzwe Wakristo. Monier Williams aliyekikalia kuanzia 1860 hakuificha nia hiyo. Hata hivyo kamusi yake ya Kisanskriti ya mwaka 1899 iko mezani kwa wasomi wa Kihindu mpaka leo, kwa sababu kila neno limetajiwa linakopatikana. Max Müller hakukanyaga India hata siku moja, lakini Rigveda aliyoichapisha pamoja na ufafanuzi wa Sayana, kati ya 1849 na 1874, ilitumiwa na mapandit wenyewe. Nia mbaya ikifanya kazi kwa uwazi, kazi hiyo inaweza kukaguliwa. Nia njema inayoficha ushahidi haikaguliki.

Ndiyo maana wanaoharibu maktaba na kufuta vitabu ni maadui wa mwanafunzi kama walivyo waghushi. Tarehe 5 Januari 2004 kundi la watu liliivamia taasisi hiyohiyo ya Bhandarkar, likaharibu vitabu na miswada, kwa hasira juu ya kitabu cha mgeni kuhusu mfalme Shivaji, kwa kuwa tu mwandishi alikuwa ameishukuru taasisi. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa kwenye masomo insha ya A. K. Ramanujan iliyoonyesha wingi wa Ramayana. Mwaka 2014 kampuni ya Penguin ilikubali kukiondoa sokoni India kitabu cha Wendy Doniger kuhusu historia ya Wahindu baada ya kushtakiwa. Kitabu chenye makosa kijibiwe kwa kitabu. Wapo Wahindu wasomi waliomjibu Doniger ubeti kwa ubeti, na hao ndio waliomtendea haki msomaji.

Haya yanatuhusu. Kenya ina somo la Elimu ya Dini ya Kihindu katika mtaala wake. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zina mahekalu, na waumini wake wamekuwa majirani zetu kwa vizazi. Nenda ukaulize. Pandit atakueleza ibada, bibi atakueleza mfungo na sababu yake. Hao ni chanzo cha kuaminika cha dini inavyofuatwa maishani. Lakini ukitaka kujua andiko limesema nini, hata pandit mwombe akufungulie kitabu. Aliye mkweli atafurahi kuombwa.

Kwa hiyo, anayekuletea neno kutoka maandiko ya Kihindu mwulize mambo manne. Kitabu gani na ubeti wa ngapi? Nani kafasiri, kutoka lugha gani, mwaka gani? Anafuata ufafanuzi wa nani? Nani mwenye elimu hiyohiyo anampinga, na kwa hoja ipi? Akijibu, kaa chini umsikilize hata kama humpendi. Akishindwa, usipige makofi, usisambaze, usimnukuu msikitini wala kanisani wala hekaluni. Mwambie, mbele ya watu, arudi akasome.